Nzi Waliopigwa na Wasiopigwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nafasi ni moja! Moja tu! Profesa ametangaza leo asubuhi huku anafuta miwani, kana kwamba anatangaza mabadiliko ya ratiba. Kongamano la utafiti wa wanafunzi, safari ya ndege, hoteli, cheti chenye muhuri, na maabara yetu itapeleka mtu mmoja. Darasa zima likamgeukia Kamusi. Hata mimi niligeuka. Shingo ilinisaliti.

Huyu Kamusi tulimwita hivyo kwa sababu hakuna asichokijua, na hakuna anachokijua asichokueleza. Anachunguza mende waliogongwa kichwa, kuona kama wanasahau njia ya kwenda kwenye chakula. Mende! Tena wanamtii.

Mimi na mwenzangu wa meza, Taratibu, tuna nzi wa matunda. Kazi yetu hata mtoto anaielewa. Nzi wako ndani ya kichupa, kichupa kimefungwa kwenye springi. Unaivuta springi, unaiachia, kichupa kinajibamiza kwenye sponji. Ubongo wa nzi unatikisika, maskini. Wengine hawapigwi, hao ndio wa kulinganishia. Kisha kila siku makundi yote mawili yanapewa mtihani mmoja: unagonga kichupa mezani ili nzi waanguke chini, halafu unatazama wangapi watapanda hadi kwenye mstari uliochorwa juu ya kichupa kabla saa haijalia. Nzi mzima hupanda. Aliyeumia huzungukazunguka chini kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

Kazi nimeigawa kwa busara. Taratibu achukue waliopigwa: springi, barafu ya kuwatuliza, kuhesabu maiti, kuwangoja majeruhi wazinduke. Mimi nichukue wasiopigwa, ambao hawana ugomvi na mtu. Nikamwambia mikono yake inafaa kwa wagonjwa. Akafurahi! Kuna watu wanashiba sifa.

Nyumbani nako vita. Mdogo wangu wa kike, Ukuta, ndiye mlinda mlango wa timu ya wasichana. Juzi Jumamosi kwenye nusu fainali alijibamiza kichwa kwenye nguzo ya goli. Mwezi uliopita alipigwa goti la kichwa. Daktari amesema asiguse mpira mpaka kichwa kiache kuuma na apimwe upya, kwa sababu pigo juu ya pigo ndilo linaloua. Fainali ni Jumapili. Ukuta analia, mama amefunga mjadala, glavu zimefungiwa kabatini. Sasa mtu asome wapi kwenye kelele hizi?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Siku mbovu. Nimesahau kuziba kichupa kimoja kwa pamba. Kimoja tu! Nzi wakatawanyika maabara nzima. Wawili wakatua kwenye chai ya Profesa, mmoja kwenye kope ya Kamusi. Kamusi hakukasirika. Alinieleza kwa upole kwamba nzi hupenda unyevu wa macho. Nani alimuuliza?

Isitoshe, wasiopigwa wangu ni wajeuri. Unagonga kichupa, wanabaki wamening'inia pale juu wananitazama. Nikagonga kistaarabu. Hawashuki. Nikagonga kiume. Meza ikatikisika, mende wa Kamusi wakapotea njia, naye akaja kunipa somo kuhusu kifundo cha mkono. Nikagonga mara nyingine kwa heshima ya Kamusi. Wote chini, chali! Hivyo ndivyo kazi inavyofanywa. Taratibu yeye anagonga vyake kama anabisha hodi kwa mkwe. Kwa mwendo ule tutazeeka hapa.

Ukuta amegoma kula. Anasema kichwa hakimuumi hata chembe. Mama kamuuliza mbona basi ameweka chumvi kwenye chai. Ukuta kasema ndivyo anavyoipenda siku hizi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Naandika kabla sijavua viatu. Nimegundua kitu!

Tumejumlisha matokeo. Nzi waliopigwa wanapanda kuliko wasiopigwa! Si kidogo, ni kwa mbali! Wa Taratibu wanakimbilia mstari kama wamesikia kuna harusi huko juu. Wangu wanajikokota, wengine wanapanda nusu na kuanguka, mmoja anazunguka mahali pamoja tangu asubuhi. Yaani kipigo cha kichwa hakidhuru. Kinaimarisha! Vitabu vyote vimekosea, na aliyegundua ni mimi! Ni sisi. Hasa mimi.

Taratibu amekunja uso. Anasema matokeo yakiwa matamu mno uyaogope. Anataka tubadilishane vichupa, mimi nigonge vyake, yeye agonge vyangu, tuone. Nimemwambia muda hatuna. Mwanamke huyu atachelewa hata kwenye mazishi yake.

Nyumbani nilishindwa kunyamaza. Mtu mwenye ugunduzi ni kama mwenye kikohozi. Nikamweleza Ukuta kila kitu, na michoro juu. Akanisikiliza kwa umakini ambao sijawahi kuupata katika ukoo huu. Kisha akaniomba jambo moja dogo: nimweleze mama vilevile nilivyomweleza yeye. Kwa malipo, atanipigia pasi shati la kongamano na kuniachia meza yake ya kusomea.

Nikamwendea mama. Nilizungumza vizuri, acha nijisifu. Nikataja mfumo wa fahamu, nikataja seli, nikataja ushahidi wa kisayansi mara nyingi. Mama akauliza kama nina hakika. Nikacheka kidogo, kicheko cha mtaalamu. Akasema kumbe ada haikwenda bure, kisha akafungua kabati na kutoa glavu.

Ukuta ameruka akanikumbatia. Nina shati lililonyooka na meza pana. Kila mtu ana furaha.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mkakati wa leo: Kamusi asijue. Nimemwambia nzi wetu wote wamekufa. Nilijitia huzuni, nikaegemea ukuta, nikavuta pumzi ndefu. Kamusi akasikitika kwa dhati! Akaniletea nzi wapya kutoka kwa rafiki yake wa maabara ya chini, chakula kipya cha nzi alichokipika mwenyewe, na mtego wa siki wa kunasa wale waliotoroka. Sasa nimebebeshwa nzi ambao siwataki na shukrani ambazo siwezi kuzikwepa. Mtu akikufanyia wema ukiwa katikati ya kumhujumu, kwa kweli anakukera sana.

Wasiopigwa wamezidi kulegea. Vizuri! Tofauti inakua! Nimegonga kwa bidii leo, maana nilikuwa bado nina hasira za ule wema.

Ukuta amerudi mazoezini. Nilimkuta chumbani kakaa gizani, taa kazima, mapazia kashusha. Nikamsifu kwa kubana matumizi ya umeme. Akasema ahsante, lakini alijibu akitazama mlango ilhali mimi nilikuwa dirishani. Wachezaji wana maringo kabla ya fainali.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Bango langu limekamilika! Kichwa cha habari kwa herufi kubwa: KIPIGO KINACHOJENGA. Jina langu juu. Jina la Taratibu chini, lakini linasomeka ukisogea.

Taratibu amerudia habari zake za kubadilishana vichupa. Nikamwambia mwenye shaka hafiki safari. Akanijibu kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu, akaendelea kupanga pamba zake. Kesho asubuhi Profesa atapita meza kwa meza kuchagua wa kwenda. Nimekwisha kuazima sanduku la safari kwa mjomba.

Wakati wa chakula mama alinong'ona kwamba Ukuta ametapika. Aliniuliza mimi! Si daktari, mimi! Nilihisi kitu kama fahari. Nikamwambia ni woga wa fainali, nzi wangu nao hujinyea kabla ya mtihani. Mama akasema sawa, wewe ndiye unayejua.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Natamani kutoandika, lakini nisipoandika nitapasuka.

Profesa alisoma bango mara mbili. Akakuna kidevu. Akasema ni dai kubwa, na dai kubwa yeye huliangalia kwa macho yake. Akaniomba nifanye mtihani mbele yake, vilevile ninavyofanya siku zote. Kamusi akasogea. Taratibu akafumba macho.

Nikachukua kichupa cha wasiopigwa. Wakaning'inia juu kama kawaida yao, wapumbavu wale, mbele ya Profesa! Nikagonga. Hawakushuka wote. Nikapandisha mkono hadi sikioni nikagonga kwa haki yake. Kalamu ya Profesa ikaruka mezani.

Profesa akaniuliza kama hivyo ndivyo nilivyogonga tangu Jumatatu. Nikasema ndiyo, wakati mwingine zaidi. Akaniuliza mara ngapi kwa siku. Nikamwambia mpaka washuke. Akavua miwani. Akasema, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kufokewa, kwamba katika maabara hii hakuna springi iliyowahi kupiga nzi kama ulivyowapiga mkono wangu. Wasiopigwa wangu ndio waliopigwa kuliko wote. Wa Taratibu walipata pigo moja wakapumzishwa, ndiyo maana wamepata nafuu. Wangu walipata pigo juu ya pigo juu ya pigo, siku baada ya siku. Na tazama hali yao.

Kumbe nilikuwa natengeneza wagonjwa mwenyewe, kisha nawaita wazima!

Nilikasirika. Nilikasirika na nzi, na springi, na Taratibu aliyekuwa sahihi, jambo lisilosameheka. Nilimkasirikia zaidi Kamusi, ambaye aliokota kalamu ya Profesa na kuniambia kwamba hata yeye aliwahi kukosea, akiwa darasa la tano. Nimelikunja bango langu nikaondoka nalo kwapani.

Nilikuwa nimefika nusu ya njia, bado nawatukana mende kimoyomoyo, ndipo yale maneno ya Profesa yakanirudia. Pigo juu ya pigo. Nikasimama barabarani. Mtu wa nyuma akanigonga kwa kikapu.

Mdogo wangu! Chai ya chumvi. Giza. Kutapika. Na mimi ndiye niliyemfungulia kabati!

Mtu mwenye akili angekwenda moja kwa moja kwa mama na kusema amekosea. Nilifikiria hilo. Kisha nikafikiria uso wa mama aliposema ada haikwenda bure. Nikaamua kuna njia nyingine. Ukuta asicheze, lakini mimi nisiumbuke. Yawezekana.

Njia ya kwanza: nimeiba glavu zake na kuzificha kwenye friji la maabara, nyuma ya chakula cha nzi. Alipozikosa alilia kidogo, kisha kocha akaja na jozi mpya, nzuri kuliko zile. Njia ya pili: nimemwambia Ukuta kwamba washambuliaji wa ile timu nyingine ni wakubwa kama milango. Macho yakamng'aa. Njia ya tatu: nimemwambia mama kwamba nimeota ndoto mbaya. Mama akasema msomi mzima anaota mchana, akanipa vitunguu nimenye.

Nimemenya. Machozi yalikuwa ya vitunguu, kwa sehemu kubwa.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Sikutaka kwenda uwanjani. Nikaenda. Nilijiambia pengine atacheza dakika zote bila mpira kumgusa. Nimewahi kuamini mambo ya kijinga zaidi wiki hii.

Ukuta alisimama golini, mkono mmoja kwenye nguzo. Watu walidhani ni madaha. Mimi nilijua anaishikilia asianguke, maana nimewaona nzi wangu wakishika pembe ya kichupa hivyohivyo. Mpira wa kwanza ukampita hatua mbili pembeni, ukatoka nje, na yeye karuka upande mwingine. Mashabiki wakacheka. Mama akanigeukia akaniuliza kama hiyo nayo ni kawaida.

Ikawa kona. Nikaona wale washambuliaji, na kweli ni wakubwa kama milango, wanasogea kwenye goli, vichwa na viwiko. Na yule mtoto mdogo wa mama yetu anatoka kuwafuata, macho yake yako kwingine.

Sijui niliruka vipi ule uzio. Suruali inajua, imechanika. Nilikimbia mpaka golini nikamkumbatia Ukuta kiunoni nikambeba nje ya mstari. Mpira ukaingia. Uwanja mzima ukanizomea. Mwamuzi akatafuta kadi ya kunipa, akakosa, maana mimi si mchezaji. Kocha alinishika shati kifuani. Na pale ndipo niliposema yote, kwa sauti kubwa, mbele ya watu: kwamba nilidanganya, hapana, sikudanganya, nilikosea, kwamba nzi walipigwa na mimi, kwamba kichwa chake kibovu na kitakufa kikiguswa tena, mwiteni daktari. Nusu ya watu walidhani mimi ndiye niliyegongwa.

Ukuta alikuwa ananipiga ngumi mgongoni. Halafu akaacha. Akaniambia sikioni kwamba tangu Alhamisi anaona mipira miwili, na alikuwa amepanga kudaka wa kulia.

Timu imefungwa. Lile goli moja, la kona yangu.

Hospitalini, daktari alimwangalia machoni kwa tochi, akampima, akatuambia maneno mafupi. Pigo moja zaidi leo na tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Wiki kadhaa kitandani. Bila simu, bila mwanga mkali, bila kukimbia, bila ngazi, bila kusumbuliwa na mtu. Mama alishukuru. Kisha akaenda kusimama kwenye korido akitazama ukuta.

Nilikaa kando ya kitanda. Nililia, na hapakuwa na kitunguu hata kimoja. Ukuta akaniuliza nilijua lini kwamba nimekosea. Nikamwambia jana asubuhi. Akafikiria. Akakumbuka glavu, akakumbuka ile habari ya milango. Akanipa mgongo.

Ningependelea ngumi. Nimeapa, kwa yote ninayoyaheshimu, kwamba sitaigusa tena sayansi ya kukurupuka. Nimeapa mara mbili.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nafasi amepewa Kamusi. Bila shaka! Mende wake wamesahau njia vizuri kabisa, kila mmoja kwa wakati wake. Profesa alimpa mkono. Mimi alinipa vichupa vipya na kuniambia nianze upya tangu mwanzo, tena nitakuwa chini ya Taratibu. Taratibu alinionyesha namna ya kubisha hodi. Nimebisha hodi kwa nzi kutwa nzima. Mkono umekufa ganzi kwa upole.

Kamusi alinifuata nje akaniuliza hali ya mdogo wangu. Sauti yake ilikuwa ya kweli, nami kwa bahati mbaya nilitaka kumkumbatia. Nikasema anaendelea vizuri, nikaondoka haraka.

Nimemletea Ukuta maji jioni. Bado hasemi nami, lakini alipokea bilauri. Alinyoosha mkono, akaikosa kidogo, akaipata. Asubuhi, mama anasema, aliikosa mara mbili. Yaani kuna tofauti! Kuna maendeleo, na yanaweza kupimwa.

Nimesimama mlangoni nikiwa na trei. Nzi wa nini? Mambo ya pamba na springi na chakula kinachonuka, ya nini, wakati chumba cha pili kuna ubongo wa binadamu, umepigwa mara mbili, tarehe zinajulikana, na mwenyewe anaishi humuhumu bure? Kila jioni bilauri. Kesho kutwa, akipata nguvu, zile ngazi za nyuma. Daktari alikataza ngazi, lakini zetu ni fupi, na nitashika saa mwenyewe. Hakuna atakayegongwa. Kongamano la mwaka ujao wataniita bila kuomba.

Tatizo lililobaki ni mtu mzima, asiyepigwa, wa kumlinganisha naye. Mama hafai, ana goti bovu. Nimempigia Kamusi. Amekubali kabla sijamaliza sentensi, akasema ni heshima kwake na kwamba atamletea mgonjwa matunda. Jina lake halitakuwepo kwenye bango.

Ukuta sijamwambia. Kwanza apone kidogo, asije akaniharibia matokeo.